Foleni ya Machipuko

Machi, Kajaani. Theluji ya paani yadondoka tone tone
juu ya kibao cha maktaba, na simu haipoi:
"Riwaya mpya zimefika?" Bado. Zimeahidiwa Aprili,
na Aprili ya huku ni mwongo aliyevaa koti zito.

Orodha ninayo. Ile ya mpelelezi kiziwi: watu arobaini.
Ile ya mapacha wa bandarini: kumi na tisa,
akiwemo mchungaji, kaniomba nisimtaje.
Na juzuu ya tatu, ya mwisho,
ya kile kiwanda cha mbao kilichoungua:
wa kwanza kwenye foleni ni Hilkka Määttä.

Hilkka tulimzika Januari.
Ardhi ilipashwa moto siku mbili ndipo ikakubali sululu.

Kompyuta yataka nimfute. Kila asubuhi yauliza,
kila asubuhi nabonyeza "baadaye".

Leo sanduku limekuja, gundi bado yanukia.
Ujumbe ukajituma wenyewe kwa simu ya marehemu:
Kitabu chako kiko tayari.

Saa tisa akaingia Taisto, matope hadi magotini,
kadi ya mkewe mkononi.
"Miaka sita kanichosha na kiwanda hicho.
Nataka kujua tu nani aliwasha moto."

Akafunua ukurasa wa mwisho, papo hapo, wima,
kosa ambalo Hilkka angemnunia wiki nzima,
kisha akakifunga haraka, kama mlango wa chumba cha mtu.

"Hapana," akasema. "Nianzie mwanzo.
Ile juzuu ya kwanza mnayo?"

Tunayo. Haina foleni.