Maji Mazito

Saa tisa usiku, Jülich. Nje, mashamba ya viazisukari
yamefunikwa na ukungu.
Ndani, Hiltrud Pfennings anapoza shabaha
mpaka baridi yake iishinde baridi ya katikati ya nyota.

Kwenye kichupa: haidrojeni nzito.
Protoni moja, neutroni moja,
wawili wasiozaliwa pamoja,
wameshikwa na kani isiyo na mkono mrefu:
sogea unywele tu, haipo.

Nayo ina masharti.
Elekeeni upande mmoja, yasema, ndipo niwafunge.
(Mzunguko ni jina tu. Hakuna pia ichezayo humo.
Aliwahi kumuuliza profesa, kinachozunguka ni nini?
Profesa alisafisha miwani.)

Mmoja akielekea juu na mwenziwe chini,
kani hulegea. Si sana.
Kasoro ukucha washikane,
na kasoro ukucha, humo kiinini,
ndiko kuachana kwenyewe.

Kwa hiyo neutroni mbili, peke yao, hazikai nyumba moja.
Pacha kwa pacha, wamefanana mno.
Sheria haiwaruhusu kubanana na kuelekea pamoja,
basi hupeana migongo,
na mgongo haushiki kitu.

Hiltrud anaandika namba.
Anamfikiria Walburga,
aliyemtangulia duniani kwa dakika kumi na nne
na kumkumbusha hilo kila mwaka
hadi walipouza
(hadi Walburga alipotia sahihi)
nyumba ya Lohrath, na gurudumu la mgodi wa makaa
likala jiko, ghala, kaburi la paka.
Miaka kumi na mmoja.
Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Watu hao hawajawahi kuyanunua maji haya kwa gramu.

Ila meza ya mama iliwaweka.
Huyu kulia, yule kushoto, sufuria katikati,
bila kutazamana, wakila.
Tritiamu ni hivyohivyo: pacha walewale,
migongo ileile,
na protoni moja kati yao.
Si milele. Lakini wanakaa.

Anageuza kitufe cha mawimbi ya redio.
Sindano inatikisika, inainama, inatulia upande wa pili.
Mfukoni mwa koti, kadi imekunjika kwa kufunguliwafunguliwa:
mjukuu wa Walburga, kilo tatu na robo,
wamempa jina Ottilie,
jina la mama.

Jumapili, saa nne, kanisani.
Chini, kwa mwandiko anaoujua kama wake:
*Maji yatapashwa moto.*