Nambari Arobaini na Moja

Mali bila daftari huisha bila habari, husema watu.
Ya Hector ilikuwa na daftari,
jalada la ngozi, kila picha na bei yake,
na bado iliisha.

Dundee, Machi. Mvua haijaamua kunyesha.
Nimeketi safu ya nyuma, utaji mweusi hadi kidevuni,
kama mfiwa. Na kweli ni mfiwa,
ila marehemu yu hai: yuko kwa dada yake,
kalala chali, anahesabu nyufa za dari lisilo lake.

Dalali anaanza na ng'ombe.
Ng'ombe watatu wa rangi ya kutu, majini hadi magotini:
pauni mia nne na ishirini. Makofi.
Kisha meli. Kisha yule mtawa asomaye
aliyenitazama nikinywa chai miaka tisa.
Kisha mimi.

"Nambari arobaini na moja. Mke wa mkusanyaji.
Rangi ya mafuta. Fremu ya dhahabu, kazi ya mkono."

Jina hakulitaja. Ni Grizel.

Wapagazi wawili wananigeuza nielekee dirisha,
na mahameli yangu ya kijani inawaka
kuliko ilivyowahi kuwaka mwilini.
Alasiri kumi na moja nilimkalia Peddie.
"Usiwaze chochote, bibi," alisema,
na mimi nikawaza gego,
la chini, kushoto, likipwita hadi sikioni.
Wageni wa Hector walisimama mbele yangu na sigara zao:
Tazameni huzuni hiyo! Tazameni roho!
Ni jino, mabwana.
Liling'olewa Juni.

Kumi. Kumi na mbili.
Bei yangu inapanda ngazi kama mzee,
ikipumzika kila kidato.
Mkobani nina pauni sita, fedha ya vifungo vya lulu.
Mkono ukainuka wenyewe.
Nikausingizia kofia.

Kumi na nane. Nyundo.
Kila ng'ombe, nilipiga hesabu, ni mimi saba
na kipande.

Aliyeninunua ni Kinnear, muuza vioo;
alitaka fremu.
Nikamfuata uani. "Na turubai utaifanyia nini?"
"Kufunikia mkokoteni. Mafuta hayapitishi maji."
Ndipo akainua macho.
Akautazama utaji, akaitazama picha,
akavua kofia, asiseme neno.
Aling'oa misumari mmoja mmoja,
akiibana midomoni kama fundi viatu,
akanikunja, akanifunga kwa kamba ya juti,
juti ileile iliyotutajirisha.

Kwenye tramu kondakta alidai nauli ya mzigo.
Nikalipa.

Hector hakugeuza shingo.
"Ng'ombe?"
Nikamwambia.
"Mtawa?"
Nikamwambia.
Saa ya ukutani ikala dakika nzima.
"Na wewe?"

"Mia mbili," nikasema. "Walishindana wawili,
mmoja katoka Edinburgh."

Akafumba macho. "Nilijua," akasema,
"nilimwambia Peddie, huzuni ile ina thamani,"
na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza.

Nimesimama nyuma ya kabati, nimekunjwa, uso ndani.
Nimeketi pia kitandani, nalegeza viatu,
na ulimi, kama kawaida yake,
umekwenda kulikagua lile pengo.