Kumi na Moja kwa Tisa

Ornella alipiga simu kutoka Bari, siku ya Jumanne:
"Umazi, hakuna mgeni mpaka Julai.
Lala humo wewe, kuta zisije zikaota ukungu."
Nikasema sawa, kama ninavyosema sawa kwa kila kitu,
nikatia kanga mbili na mswaki mfukoni.

Kisumu Ndogo hadi Shela ni mwendo wa dakika ishirini.
Jirani sikumwambia ninakwenda wapi.
Ningemwambiaje? Ninasafiri? Nimehama?
Mama mzima anakwenda likizo mtaa wa pili.

Chumba chenyewe nakijua kuliko mgongo wangu.
Miaka tisa nakipiga deki,
miaka tisa natandika shuka kwa kona za hospitali,
nafagia mchanga unaopanda ngazi na nyayo za watu,
na kesho yake umepanda tena.
Ila usiku sijawahi kukiona.

Usiku wa kwanza kitanda sikukithubutu.
Nililala sakafuni, kwenye mkeka wa wageni wa kuotea jua,
na kutoka pale chini, uso kwa uso,
nikauona utando wa buibui chini ya chaga,
mkubwa, wa kizazi na kizazi.
Aibu yangu, peke yangu.

Usiku wa pili nikapima kwa nyayo.
Urefu, kumi na moja. Upana, tisa.
Nikapima tena. Nikacheka hadi nikakaa.
Kile kile!
Chumba changu mimi, na Jumwa na wadogo zake wawili,
na Mbeyu aliyekuja kwa wiki moja, mwaka juzi,
kumi na moja kwa tisa.
Hiki huitwa studio, katikati ya mji, hatua chache toka ufukweni.
Changu huitwa "ala, bado uko chumba kimoja?"

Juu ya kitanda imetundikwa picha ya bahari ya kwao,
buluu, imetulia kama maji ya beseni.
Siku moja, akimenya papai, Ornella alinieleza:
"Yetu haipwi, Umazi. Asubuhi iko pale, jioni iko pale."
Nikadhani Kitaliano changu kimenidanganya.
Bahari isiyopwa!
Sasa huko mtu mwenye hasira
hutembea wapi?

Asubuhi ya tatu nikashuka pwani mikono mitupu,
bila ndoo, bila kutumwa.
Sabaki imemwaga matope yake yote,
bahari rangi ya chai ya maziwa,
mwani marundo marundo, kama nguo zinazongoja kufuliwa.
Ndiyo maana wao hawaji.
Ndiyo maana nimeipata mimi.
Kijana wa vinyago akanijia kwa nyuma:
"Chao bela, bei ya rafiki..."
Nikageuka.
"Aa. Mama Jumwa. Niwie radhi."
"Endelea," nikamwambia. "Rafiki ni bei gani?"
Tukavutana nusu saa juu ya twiga wa sikio moja,
akishuka, nikipanda, akila kiapo,
naye akijua fika sina hata senti.

Usiku wa mwisho nikapanda kitandani.
Nikayasikia yale niliyozoea kuyasoma
katika kitabu chao cha wageni, nikipangusa vumbi:
adhana ya alfajiri, jogoo wa jirani akiiwahi,
na bomba la bafuni,
tone,
likafikiri,
tone.
Adhana wameisifu wote.
Bomba hakuna aliyeliandika.

Nikachukua kalamu. Kiswahili, mwandiko wa darasa la saba:
"Nimekaa siku nne. Bomba linavuja. Mito ni migumu.
Chini ya kitanda hapafagiwi vizuri.
Bahari ilikuwa ya kahawia, nami nimeipenda."
Penye jina nikasita.
Kisha nikaandika yote matatu, la babu likiwemo.

Nikafua shuka zangu mwenyewe,
nikatandika nyingine, kona za hospitali,
nikauvua ule utando kwa ufagio.
Nikafunga.
Maji yalikuwa yamepwa mbali, bamvua, miamba mgongo wazi,
nami nikarudi nyumbani kwa njia ya huko, ile ndefu,
viatu mkononi,
wala sikuwa na hasira na mtu.