Daftari la Vipimo

Nasimiyu ana simu yenye kioo kilichopasuka,
na kila amalizapo upindo hunisomea jambo.
Leo, chai haijapoa:
"Mama Fundi, ulijua mtu hurefuka usiku?
Akiamka amezidi, kama sentimita moja hivi,
kisha mchana kutwa uzito wake mwenyewe
humkandamiza, akarudi alivyokuwa."

Nikaweka mkasi chini.
Nikamkumbuka karani wa Riruta
tuliyegombana hadi wauza mitumba wakatuamua,
eti suruali yake inafagia Kawangware nzima.
Nilimpima saa moja asubuhi.
Alikuja kuijaribu jua likizama.
Kumbe hakuna aliyedanganya:
nilimpima mmoja, akaja kuichukua mwingine.

Husoma ovyo ovyo, huyu msichana,
kama anayepepeta choroko gizani.
Pweza ana mioyo mitatu.
(Mimi huu mmoja, na bado unanishinda.)
Wale korongo wa mzunguko wa Nyayo
hujinyea miguuni makusudi, wapoe.
"Basi wana akili," nikasema,
"na mimi miaka yote nawacheka."
Na yule mdudu mwekundu kwa mweusi
ajaye na mvua, aliyepewa jina la mji wetu,
mdogo kama uzi uliokatwa kwa meno,
usimponde shingoni. Mpulize tu aende.
Moto wake umo ndani ya damu yake.

Mtoto huzaliwa na mifupa karibu mia tatu;
mtu mzima anayo mia mbili na sita.
"Mingine imekwenda wapi?"
"Imeungana, Mama Fundi."
Nikacheka. Hata Mungu
huanza na vipande, mshono baadaye.

Ndipo akaingia Wanza wa duka la maziwa
na gauni lile lile, kwa mara ya tatu.
"Nipunguzie kidogo ubavuni."
Daftari langu halina adabu:
Machi, kiuno thelathini na sita.
Juni, thelathini na tatu.
Nikazungusha futi, nikaingiza vidole viwili
kati ya utepe na mwili wake,
nikasoma kwa sauti, "Thelathini na moja,"
na vidole vyangu vikajua ni ngapi.

"Nimeacha sukari," akasema, akitazama cherehani.
"Nakula managu tu."
Nasimiyu akafungua mdomo na simu yake;
nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Yapo yanayosomwa,
na yapo ambayo mtu hushikwa mkono tu.
Nikakunja gauni, sikulitia pini hata moja.

"Wanza, kesho usifungue duka.
Njoo mapema, ungali mrefu.
Tutakwenda zahanati, mimi na wewe,
na huyu atatusomea habari za pweza
tukiwa kwenye foleni."