Mguu Usioamini

Sekiza wa Muheza hazimi pikapu yake akifika.
Huiacha inguruma mlangoni pangu, barabara ya kumi na tano,
kisigino breki, vidole mafuta,
mguu mmoja umejifunza kazi ya miwili.
"Nikiuondoa," anasema, "inakufa."

Miezi saba anaendesha hivyo.
Njia panda ya Pongwe ilimzimikia.
Relini ilimzimikia, machungwa yamejaa nyuma,
na wapanda baiskeli wakampita wakimpa pole
kwa sauti ile ya Tanga
usiyojua kama ni pole au kicheko.

Ondoa mguu, namwambia.
Anasita.
Ondoa, Sekiza.
Pikapu inashuka, inapanda, inashuka,
kama mtu anayehesabu noti akasahau alipofikia,
anaanza upya, anasahau tena,
mwisho anazitupa zote.
Kimya.

Wamepita mafundi watatu kabla yangu, nawaona kwa alama zao.
Wa kwanza alibadilisha plagi, akachukua chake.
Wa pili alibadilisha koili; ile ya zamani iko chini ya kiti,
naipima, nzima.
Wa tatu ndiye simsamehe.
Aliikaza skrubu ya sailensa hadi mwisho
injini ikapiga kelele na ugonjwa usisikike,
kama mwenye nyumba anayepandisha redio
asimsikie mgonjwa anakohoa chumba cha pili.
Sekiza akalipa, akashukuru,
akafika nusu ya njia.

Nafungua plagi, nazipanga juu ya gazeti.
Tatu zina rangi ya chai ya maziwa.
Ya nne nyeupe, kama mfupa uliooshwa.
"Hiyo ndiyo safi," anasema.
Hiyo ina njaa.
Inavuta hewa ambayo kabureta haikuipima,
hewa ya wizi, isiyopiga hodi.
Ukiwa mbioni huitambui, injini inaimeza na kwenda zake.
Ukisimama ndipo inapokudai.

Nina chupa ya maji, kifuniko nimekitoboa kwa msumari.
Nadondoshea gasketi ya chini ya kabureta: hakuna.
Miguu ya manifoldi: hakuna.
Nyuma kabisa, kizani, karibu na bodi,
inashtuka,
inakohoa mara moja, halafu
kwa pumzi mbili tu
inatulia.

Natoa kioo changu cha wanja mkobani.
Sekiza anacheka. Namwacha acheke.
Kiooni: mpira mwembamba kama kidole cha mtoto,
juu mzima, unang'aa,
tumboni umepasuka, mpasuko wa ukucha.
Miezi saba.
Mpira wa shilingi elfu mbili.

Nakata mpya, naubana kwa waya.
Kisha kazi yenyewe, kuishusha ile sailensa ya uongo.
Skrubu ya mchanganyiko ndani hadi iguse, isikazwe,
nje mzunguko mmoja, nusu, robo,
rudi kidogo,
sikio karibu, pumzi nimeishika,
hadi kijiko ndani ya glasi yake ya chai, juu ya boneti la jirani yake,
kikaacha kugonga.

Hapana, nimekosea: glasi ilikuwa juu ya pikapu yenyewe,
ukingoni, aliiweka akaisahau,
na toka asubuhi kijiko kilikuwa kinagonga
sote tukadhani ni injini.

Sikia, nasema.
"Sisikii kitu."
Ndicho hicho.

Analipa, anaingia, anaondoka.
Kwenye kona mkokoteni wa magunia unavuka, anasimama,
na pale, pikapu imetulia kama maji mtungini,
nasikia resi.
Tena resi.
Hapo hakuna mpira uliopasuka.

Koili yake nzima ameiacha juu ya gazeti.
Nimeifunga kwa kitambaa, akirudi ataikuta.