Maji, Dada

Ghorofa ya saba, Rochester, Minnesota.
Nje, baridi ya Januari inapasua magome ya miti.
Ndani, mzee mmoja
ambaye nchi yake yote, visima na minara,
inapumua kwa mpira mwembamba uliopita puani.

Mimi ndiye wa zamu ya usiku.
Napima mkojo wa mtawala, naandika:
mililita mia na ishirini.
Hakuna aliyeniambia nimwite Mtukufu.
Kwenye faili ni mgonjwa wa chumba cha kumi na nne,
figo zimegoma, moyo unasuasua.

Korido wameigawana kama shamba la mirathi.
Upande wa lifti, watu wa Majid, mwana wa mke mdogo,
viatu vipya vinalia sakafuni.
Upande wa dirisha, watu wa Ghanim, ndugu wa mzee,
aliyengoja miaka thelathini na mmoja
na tasbihi, na vidonge vya shinikizo la damu.
Katikati, mashine ya kahawa. Haiguswi:
nani ataanza kumpa mwenzake kisogo?

Wananisalimu kwa heshima iliyopita kiasi.
Mmoja aliniachia saa ya dhahabu
chini ya tende, ndani ya kasha.
Saa niliirudisha.
Tende nilizila, Mungu anisamehe, zamu ilikuwa ndefu.

Usiku wa tatu mzee alifumbua macho, akauliza:
"Wewe wa wapi, mwanangu?"
Kiswahili! Cha zamani, chenye mikunjo
kama nguo iliyokaa sandukuni miaka sitini.
Nikamwambia, Vanga. Akacheka mpaka akakohoa.
Yaya wake alikuwa Mpemba, Bi Tunu,
alimwosha, akamtisha kwa zimwi,
akamfundisha kuhesabu vidole vya miguu
kabla baba yake hajamfundisha kuhesabu maadui.

Tangu hapo, kila saa tisa za usiku,
tulikuwa na nchi yetu, ya watu wawili,
isiyo na mrithi.
Aliniuliza theluji ile dirishani ni chumvi ya nani.
Nikamwambia, ya manispaa.
Akasema basi wanajua kutawala.

Kisha namba zikaanza kushuka.
Wakaingia wote: madaktari, mwanasheria,
vijana wawili na simu zao zinarekodi,
Majid na manukato yake, Ghanim bila viatu.
Midomo ya mzee ilikuwa chokaa.
Akawapita wote kwa macho, mmoja mmoja,
mpaka kwenye pazia, nilipobanwa,
akasema: "Maji, dada."

"Majid!" mtu akapiga ukelele.
"Kamtaja! Mmesikia? Majid!"
Wakairudisha sauti ile simuni, mara ya pili, mara ya tisa,
na ile *d* ya dada
ikavishwa kilemba mbele ya macho yangu.
Watu wakaanguka kuubusu mkono,
si wa mzee.

Nilisema, "Anataka maji."
Nikasema tena kwa Kiingereza.
Nilikuwa na bilauri mkononi na migongo mbele yangu,
migongo mipana, ya suti nzuri,
na hakuna mgongo wenye masikio.

Saa kumi na dakika nane, alfajiri, mashine ikanyoosha mstari.

Ghanim alinifuata chumba cha kufulia mashuka.
Alisimama kati ya vikapu kama mtu aliyepotea sokoni.
"Wewe ulikuwa ukizungumza naye," akasema.
"Niambie. Alisema nini?"

Nilifikiria visima. Nilifikiria vijana
wa upande wa lifti na wa upande wa dirisha,
na bunduki ambazo hospitali haikuwaruhusu kuingia nazo.
Lakini ulimi wangu haujui njia ya kuzunguka.
"Alikuwa na kiu," nikasema.

Akanitazama kwa muda mrefu,
kama aliyepewa fumbo na mjumbe wa upande wa pili.
Akashukuru. Akaenda zake akilifumbua.

Nilirudi chumba cha kumi na nne kufunga faili.
Bilauri ilikuwa pale, imejaa, haina alama ya mdomo.
Kwenye fomu, mahali pa kiasi alichokunywa,
niliandika: sifuri.