Kanda Iliyovutika

Aliileta amplifaya kwa bodaboda,
ameikumbatia kama mgonjwa wa Bugando
aliyeruhusiwa kabla hajapona.
Kibanda changu kipo Makoroboi, pale mteremko unapobana:
bati, benchi, na nyuma yake jiwe kubwa
linaloniwekea joto la mchana hadi usiku.
"Fundi Lugembe," akasema, "hii ni ya sabini na nane.
Nataka isikike kama ya sabini na moja."

Nikacheka. Miaka saba!
Nina suruali iliyoizidi umri tofauti hiyo.
Lakini nilipofungua skrubu nikamwelewa.
Katika miaka ile saba kiwanda kilipata akili:
valvu ya kunyoosha umeme waliing'oa,
wakakalisha dayodi mahali pake, makarani wapya,
hawachoki, hawaugui, hawamsubiri mtu.
Na waya mmoja, mwekundu, ukatoka kwenye spika
ukarudi nyuma kuisuta sauti kila ikitaka kupaza:
tulia. Tulia, wewe.

Ladislausi, mwana wa Masalu.
Baba yake alipiga solo Kirumba, akafa
mtoto hajaota meno.
Urithi: kanda moja ya dakika sitini,
upande wa pili umefutwa na mahubiri.
Akaniwekea niisikilize. Gitaa likatoka nene, zito,
uji wa mtama unaotokota bila haraka.
"Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo."

Nilinyamaza. Mimi nilikuwepo.
Nilikuwa mtoto wa kubeba spika, nalipwa soda.

Jumatatu hadi Alhamisi nikawa humo ndani.
Kwanza nikamwaga volti mia nne zilizolala kwenye kapasita
(ukisahau hilo, kazi atakuja kuimalizia mjane wako).
Soketi ya valvu nikaitoa kwenye redio ya padri mmoja wa Ukerewe,
redio iliyokwisha kufa, padri pia.
Dayodi nikaziachisha kazi.
Ule waya wa kusuta nikaukata.
Umeme ulipokatika nilikaa gizani, pasi ya kulehemu mkononi inapoa,
huku wadudu wa ziwani wakiniingia masikioni.

Alhamisi akachomeka gitaa.
Kirumba ikatoka.
Sauti kali, yenye meno, bati la saa saba mchana,
ikichelewa kidogo tu unapoipiga kwa nguvu,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutukana.
Nywele za kisogo zikanisimama. Masalu huyo, na koti lake la mikono mifupi.
Nikageuka nimwone mwanawe.

"Siyo," akasema.

Siyo!
Nikataka kumfukuza. Kisha nikaitazama ile kanda mezani,
nikahesabu: majua iliyoanikwa kwenye dirisha la gari,
betri za mwisho wa mwezi zilizoivuta kwa shida,
kichwa cha redio kilichojaa vumbi la Igoma,
mama yake akiirudisha nyuma kwa kalamu, kila Jumapili, miaka.
Ilikuwa imevutika. Imeshuka nusu sauti, imepoteza meno.
Baba aliyemjua hakuwahi kupiga popote.
Alizaliwa humo, ndani ya kanda,
na alikuwa akizeeka naye.

Nikamwambia, nenda kanywe chai.
Nikatafuta kapasita ndogo kuliko punje ya choroko,
ya shilingi mia mbili,
nikaipa kazi ya kuzika ardhini kila kilicho chembamba.
Aliporudi nikamwambia alegeze nyuzi kidogo.
Akapiga. Akafumba macho. Chai ilikuwa bado kwenye masharubu.

Sasa jioni nikijaribu kumkumbuka Masalu
ananijia mzito, polepole, anaburuta miguu.
Yule mwenye meno simpati.

Risiti aliidai. Nikaandika kwa herufi kubwa:
IMERUDISHWA MWAKA SABINI NA MOJA.
Elfu arobaini na tano, valvu pamoja.
Ile ya mia mbili sikuihesabu.